Nani Alikalia Viti Vyao? Wanahisabati Wayahudi Waliofukuzwa Italia Mwaka 1938

Leo siasa za hapa nyumbani tuziweke pembeni kidogo, twende Italia ya miaka ya 1930. Ni stori ya wanahisabati, lakini usikimbie, hakuna hesabu ngumu humu. Tutakayoyaona ni mambo ya kazi, kiapo, woga na tamaa, na hayo hata aliyepata sifuri ya hesabu anayajua.

Tuanze na simu yako. Ukifungua ramani kujua umefika wapi, simu inasikiliza setilaiti zilizo juu angani. Setilaiti hizo zina saa, na saa za kule juu hukimbia mbele ya saa zetu za huku chini kwa kiasi cha mikrosekunde 38 kila siku. Zisiporekebishwa, baada ya siku moja tu ramani itakwambia uko mtaa mwingine kabisa. Marekebisho hayo yanatokana na nadharia ya Einstein iitwayo relativiti. Na lugha ya hesabu aliyotumia Einstein kuiandika nadharia hiyo mwaka 1915 ilitengenezwa na Waitalia wawili, Gregorio Ricci-Curbastro na mwanafunzi wake Tullio Levi-Civita, walioichapisha mwaka 1900. Mwaka huo wa 1915 Einstein na Levi-Civita waliandikiana barua, na Levi-Civita akamwonyesha Einstein penye makosa kwenye hoja zake.

Mtu wa namna hiyo ungedhani nchi yake ingemlinda kama mboni ya jicho. Mwaka 1938, akiwa na miaka 65, kibarua kikaota nyasi. Hakuiba, hakugoma, hakutukana mtu. Alikuwa Myahudi, basi.

Habari za Hitler wengi tumezisikia. Za Italia hazisemwi sana, na ndizo nataka tuzitazame, hasa kipande kimoja: walifanya nini wale waliobaki ofisini? Kule vyuoni nafasi ya profesa huitwa kiti. Profesa akifa, akistaafu au akiondolewa, kiti kinabaki wazi na wenzake wanakigombea. Lishike hilo neno kiti, tutalihitaji.

Mwanzo haukuwa hivyo

Benito Mussolini alishika madaraka Oktoba 1922, zaidi ya miaka 10 kabla ya Hitler. Ufashisti wake kwa kifupi ulikuwa hivi: taifa mbele ya mtu, chama ndicho taifa, na Kiongozi hakosei. Ndani ya miaka michache vyama vya upinzani vikapigwa marufuku na magazeti yakafungwa mdomo.

Lakini kwa miaka ya mwanzo serikali hiyo haikuwa na sheria dhidi ya Wayahudi. Wayahudi wa Italia walikuwa wachache, kama 47,000 hivi, yaani takriban mtu mmoja katika kila watu 1,000. Walikuwa wamechanganyika na wenzao kabisa. Walikuwamo maofisa wa jeshi, maseneta, na wengine walikuwa na kadi ya chama cha Mussolini mfukoni. Kwenye hisabati ndiyo usiseme, majina makubwa ya nchi nzima kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Wayahudi: Volterra, Levi-Civita, Castelnuovo, Enriques, Fubini, Fano, Segre. Ndiyo maana kipigo cha 1938 kiliwakuta wengi wao wamekaa kama mtu aliye nyumbani kwake.

Mzee Volterra na kiapo

Aliyeona mapema ni Vito Volterra. Mzaliwa wa Ancona, mwaka 1860, baba akafariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, akasoma kwa shida hadi akawa profesa, na mwaka 1905 akaingia Seneti.

Kazi yake mojawapo inawahusu hata wavuvi wetu. Mkwewe, Umberto D'Ancona, alikuwa mtaalamu wa samaki. Alichunguza takwimu za masoko ya bahari ya Adriatic akakuta kitu cha ajabu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza uvuvi ulipungua sana. Ungetegemea samaki wote waongezeke sawasawa. Wapi! Waliongezeka zaidi papa na wenzake, yaani wale wanaokula samaki wengine. Kwa nini?

Volterra alilijibu swali hilo mwaka 1926 kwa milinganyo miwili tu. Samaki wanaoliwa wakiwa wengi, walaji wanashiba na kuzaana. Walaji wakizidi, wanaoliwa wanapungua. Hao wakipungua, walaji wanakufa njaa, kisha mzunguko unaanza upya. Hesabu inaonyesha kwamba uvuvi unamuumiza zaidi mlaji, kwa hiyo ukiacha kuvua, mlaji ndiye anayefaidi. Kule Marekani Alfred Lotka alifikia milinganyo hiyo hiyo kwa njia yake, ndiyo maana inaitwa kwa majina ya wote wawili. Mpaka leo wanaosomea uvuvi na wanyamapori wanafundishwa.

Sasa huyu mzee hakuutaka ufashisti tangu mwanzo. Mwaka 1925 alitia sahihi tamko la wasomi wanaoupinga, lililoandikwa na mwanafalsafa Benedetto Croce. Mwaka 1931 serikali ikaja na jipya: kila profesa wa chuo kikuu ale kiapo cha utii kwa mfalme na kwa utawala wa Kifashisti. Asiyeapa, nje.

Maprofesa walikuwa kama 1,200. Unajua waliokataa wangapi? Kumi na wawili. Volterra, akiwa na miaka 71, alikuwa mmoja wao, akapoteza kiti chake Roma. Mwaka 1934 akakataa tena kiapo kama hicho kilicholetwa kwenye akademia za sayansi, akavuliwa na huko pia.

Levi-Civita yeye aliapa, kama walivyoapa karibu wote. Sipo hapa kumhukumu. Mtu ana mke, ana wanafunzi, ana utafiti ulio nusu njia, anajiambia ni maneno tu, nitaapa nikafanye kazi yangu. Lakini tazama yaliyofuata. Aliyekataa alifukuzwa 1931, na aliyeapa akafukuzwa 1938.

Walioanza kuonja ni majirani zetu

Hapa wadau wa Afrika Mashariki tukae vizuri. Sheria za kutenganisha watu kwa damu zao Mussolini hakuzianzia kwa Wayahudi. Alizianzia upande wetu huu.

Oktoba 1935 majeshi yake yaliivamia Ethiopia, yakatumia hata gesi ya sumu. Mei 1936 akatangaza himaya yake, Afrika ya Mashariki ya Italia, iliyojumuisha Ethiopia, Eritrea na Somalia. Aprili 1937 ikatoka amri kwamba Mwitalia atakayeishi kinyumba na Mwafrika wa himaya hiyo atafungwa hadi miaka mitano. Wakoloni wake walitakiwa wajione ni mbari ya juu isiyochanganyika.

Wengi kule Italia hawakuona shida. Ilikuwa habari ya watu weusi wa mbali. Haikupita hata miaka miwili, hoja ile ile ya damu safi ikavuka bahari ikarudi Ulaya, ikabisha hodi kwa profesa wa jiometri. Ndiyo maana wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hakuna ushahidi kwamba Hitler alimlazimisha Mussolini kupitisha sheria hizo. Urafiki wao ulichangia, ndiyo, ila mbegu Mussolini alikuwa nayo mwenyewe.

Septemba 1938

Julai 1938 ilichapishwa ilani iliyobeba majina ya wanasayansi 10, ikidai Waitalia ni Waarya na Wayahudi si wa mbari ya Kiitalia. Agosti serikali ikawahesabu Wayahudi wote nchini. Halafu tarehe 5 Septemba 1938 mfalme Vittorio Emanuele III akatia sahihi amri ya "kulinda mbari" katika shule. Walimu Wayahudi wote, kuanzia shule za watoto hadi vyuo vikuu, kazi basi. Watoto wa Kiyahudi wasikanyage shule za serikali. Novemba ikaja sheria pana zaidi, iliyogusa ndoa, jeshi na kazi za serikali.

Vyuo vikuu vilipoteza karibu maprofesa 100. Kwenye hisabati ilikuwa balaa. Roma ikampoteza Levi-Civita na Federigo Enriques. Torino ikampoteza Guido Fubini, Gino Fano na Alessandro Terracini. Bologna ikampoteza Beppo Levi na Beniamino Segre. Majina haya kwetu ni mageni, ila anayesoma hisabati chuo kikuu hata hapa Afrika Mashariki atakutana na teoremu ya Fubini na teoremu ya Beppo Levi, atake asitake.

Hata vitabu havikusalimika. Vitabu vya shule vilivyoandikwa na Wayahudi vilipigwa marufuku. Kitabu cha jiometri cha Enriques na Ugo Amaldi, kilichosomwa na watoto wengi wa Italia, kiliendelea kutoka kikiwa na jina la Amaldi peke yake. Jiometri ni ile ile, mwandishi mmoja kafutwa.

Kikao cha Desemba

Sasa tumefika penyewe.

Tarehe 10 Desemba 1938, miezi mitatu tu baada ya amri ile, ilikaa tume ya kisayansi ya Unione Matematica Italiana, chama cha wanahisabati wa nchi hiyo. Wenzao wametoka kufukuzwa. Watu waliosoma nao, waliokula nao, waliowafundisha. Ungetegemea wajadili nini? Labda barua ya kulalamika? Labda, kwa woga, wakae kimya tu?

Wao walitoa tamko lenye mambo mawili. La kwanza, kwamba hisabati ya Italia iliyosifika dunia nzima ni kazi ya Waarya karibu yote. La pili, waliiomba serikali ihakikishe kwamba viti vya hisabati vilivyobaki wazi kutokana na sheria za mbari visihamishiwe masomo mengine.

Rudia kusoma hapo. Hawakuomba watu warudi. Waliomba viti visipotee.

Na kuna jambo la kuelewa kuhusu viti. Kiti kimoja kikijazwa na mtu aliyetoka chuo kingine, kule alikotoka nako kunafunguka nafasi, na anayeijaza naye anaacha yake. Kumfukuza mzee mmoja kunapandisha vyeo watu watatu au wanne. Wote hao wanakuwa na sababu ya kunyamaza, na hakuna hata mmoja wao aliyemgusa mzee kwa mkono wake. Mussolini hakuhitaji kila profesa amchukie Myahudi. Ilitosha kila mmoja afaidike kidogo.

Mfano wa aliyepanda ngazi ni Francesco Severi, bingwa wa jiometri. Mwaka 1925 alitia sahihi tamko la Croce pamoja na akina Volterra. Baadaye akageuza shati, akaingia kwenye akademia mpya ya Mussolini mwaka 1929, na mwaka 1939 akawekwa kuongoza taasisi mpya ya taifa ya hisabati kule Roma.

Kuna atakayesema: "Wangefanya nini, si wangefungwa?" Hoja hiyo naiheshimu. Ila amri ya Septemba haikuwadai watoe tamko. Na yupo mtu wa taaluma hiyo hiyo, mwaka huo huo, aliyefanya tofauti. Otto Neugebauer, mzaliwa wa Austria, hakuwa Myahudi. Alikuwa mhariri wa jarida la Kijerumani Zentralblatt, lililokusanya muhtasari wa kila kazi mpya ya hisabati duniani. Mwaka 1938 jina la Levi-Civita lilipoondolewa kwenye bodi ya jarida, Neugebauer akaacha kazi. Mwaka uliofuata akahamia Marekani, na mwaka 1940 likaanza kutoka jarida jipya, Mathematical Reviews, yeye akiwa miongoni mwa wahariri. Limekuwa nguzo ya wanahisabati mpaka leo. Kwa hiyo njia nyingine ilikuwepo, ila ilikuwa na gharama.

Walikwenda wapi?

Fubini alichukua familia yake akaenda Princeton, Marekani. Afya yake ilikuwa mbaya, akafariki New York mwaka 1943.

Beppo Levi, akiwa na miaka 64, alianza maisha upya Rosario, Argentina, mwaka 1939. Aliongoza taasisi ya hisabati pale na kuanzisha jarida. Alifia huko huko mwaka 1961. Terracini naye alikwenda Argentina, mji wa Tucumán.

Segre, kijana kidogo kuliko wenzake, alikimbilia Uingereza. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Waingereza wakamweka kizuizini kama raia wa nchi adui! Katimuliwa kwao kwa kuwa si Mwitalia halisi, kafungiwa ugenini kwa kuwa ni Mwitalia. Baadaye aliachiwa akafundisha Manchester.

Fano alivuka kwenda Uswisi. Wanawe wawili wakaenda Marekani, na mmoja wao, Robert, akawa profesa wa MIT na mmoja wa waanzilishi wa elimu ya kubana na kusafirisha taarifa, ile ambayo kompyuta na simu zinaitegemea.

Volterra na Levi-Civita walibaki. Volterra alifariki Roma Oktoba 1940. Akademia za nchi yake hazikumkumbuka, isipokuwa ile ya Papa, Vatikani, ambayo alikuwa mwanachama wake. Levi-Civita alifuata Desemba 1941.

Ujerumani yenyewe ilikuwa imetangulia kwa miaka mitano. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1933 iliwaondoa Wayahudi kwenye utumishi wa umma, na chuo cha Göttingen, kilichokuwa Makka ya hisabati duniani, kikabaki gofu. Emmy Noether, mwanamke aliyebadilisha aljebra, aliondoka kwenda Marekani akafariki 1935. Edmund Landau alizuiwa na wanafunzi wake mwenyewe mlangoni mwa darasa mnamo Novemba 1933, na aliyewaongoza alikuwa Oswald Teichmüller, kijana mwenye kipaji kikubwa cha hisabati. Wasioweza kuondoka yaliwakuta makubwa. Felix Hausdorff wa Bonn, Januari 1942, alipotakiwa kwenda kambini, alijitoa uhai kwa sumu pamoja na mkewe na shemeji yake. Otto Blumenthal alifia kambi ya Theresienstadt mwaka 1944.

Chuo cha siri

Isiwe kilio tu. Kuna mzee mmoja lazima nimtaje.

Guido Castelnuovo, shemeji yake Enriques, alikuwa ameshastaafu mwaka 1935. Amri ilipofungia vijana wa Kiyahudi milango ya vyuo, yeye akiwa na zaidi ya miaka 75 aliandaa masomo ya chuo kikuu kwa siri pale Roma kati ya 1941 na 1943. Mipango ikafanywa na taasisi moja ya Fribourg, Uswisi, ili vijana wasajiliwe huko na masomo yao yahesabike. Binti yake Emma, mwalimu wa hisabati aliyenyimwa ajira ya serikali mwaka 1938, alikuwa akifundisha shule ya Kiyahudi ya Roma.

Septemba 1943 Wajerumani wakaikalia Roma. Tarehe 16 Oktoba walizoa Wayahudi mitaani na majumbani, wakapeleka zaidi ya watu 1,000 Auschwitz. Waliorudi hai ni 16. Castelnuovo na Enriques waliponea kwa kujificha.

Baada ya vita

Roma ilikombolewa Juni 1944. Castelnuovo, aliyekuwa anajificha, akapewa kazi ya kulifufua baraza la taifa la utafiti. Mwaka 1946 akawa rais wa akademia ya Lincei, na mwaka 1949 seneta wa maisha. Emma alikuja kuwa mwalimu wa hisabati maarufu duniani, na kati ya 1978 na 1982 alikwenda mara kadhaa kufundisha Niger, Afrika Magharibi.

Lakini vile viti? Sheria iliruhusu waliofukuzwa warudishwe. Ila aliyekalia kiti kwa kawaida hakuinuliwa. Aliyerudi aliongezewa kiti pembeni, kama mgeni aliyechelewa harusini. Segre alirudi Bologna 1946, Terracini Torino 1948. Beppo Levi akaona isiwe tabu, akabaki Argentina na wanafunzi wake.

Na kitovu cha jiometri ile ya Kiitalia kikahama. Oscar Zariski, Myahudi aliyesoma Roma chini ya Castelnuovo, aliondoka kwenda Marekani mwaka 1927. Huko aliijenga upya jiometri hiyo kwenye misingi imara zaidi, na wawili kati ya wanafunzi wake, Heisuke Hironaka na David Mumford, walishinda medali ya Fields mwaka 1970 na 1974. Walioomba viti Desemba 1938 walivipata. Wanafunzi bora wa dunia wakaenda kwingine.

Wadau, tunapozungumzia udikteta tunapenda kumtazama yule mmoja aliye jukwaani anayepiga kelele. Mimi hii stori imenifanya niwatazame waliokuwa kwenye kile kikao cha Desemba. Hawakuwa wauaji. Walikuwa watu wenye elimu, wenye tai, wenye ajenda ya kikao na labda chai mezani.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni hili. Mwenzako akiondolewa kazini kwa sababu ya kabila lake, dini yake au alikozaliwa, kesho bosi akakuita na kukwambia meza yake sasa ni yako na mshahara umepanda, utajibu nini? Usinijibu haraka haraka. Fikiria ada za watoto, fikiria kodi ya nyumba, halafu ndiyo uandike maoni yako hapo chini. Matusi sitayaruhusu, hoja zote karibu.

Nawasilisha.